Kasi ya mtandao wa kiwandani hupotelea wapi?

Skrini ya kuongozea mashine ikianza kuchelewa kiwandani, jawabu la kwanza huwa ni waya: leteni kebo nzuri zaidi, ongezeni megabiti. Mawazo hayo tumeyatoa kwenye intaneti ya nyumbani, ambako kweli kifurushi kikubwa huifanya video ishuke haraka. Mtandao unaounganisha PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), sensa, inveta za mota (vifaa vya kudhibiti kasi yake) na skrini una tabia nyengine kabisa. Ujumbe wake ni mdogo mno. Joto la boila ni baiti mbili, na amri ya kuwasha pampu ni biti moja. Vitu vidogo kiasi hicho havihitaji njia pana. Vinahitaji kufika kwa wakati, na sehemu kubwa ya wakati huo hupotea mahali ambapo upana wa njia hauhusiki.

Na mitandao hii Zanzibar ipo mingi kuliko watu wanavyodhani. Unguja ilipokaa bila umeme kutoka Bara kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta ndiyo yaliyozibeba hoteli. Jenereta la kisasa lina kidhibiti chake, na kidhibiti hicho kwa kawaida kina mlango wa mawasiliano. Hali ni hiyo hiyo kwa inveta ya pampu ya kisima, chumba cha baridi cha samaki, mita ya umeme ya kiwandani na mitambo ya umeme wa jua iliyopandishwa juu ya mapaa. Vingi katika vifaa hivi huzungumza Modbus, itifaki, yaani lugha ya mawasiliano ya vifaa, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Ni mzee, lakini hajastaafu, na hapa chini nitamkalia kwa muda kwa sababu ndiye mafundi wetu wanayekutana naye kila siku.

Kwanza, haraka kiasi gani?

Swali hili huulizwa mwisho, nalo lingetangulia. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha mafuta ya makonyo. Kazi ya kutoa mafuta kwenye makonyo au majani ya mkarafuu ni ya mvuke na subira: mvuke hupita kwenye mzigo kwa masaa, kisha hupozwa, mafuta yakajitenga na maji. Joto la chombo kikubwa namna hiyo halirukiruki. Ukilisoma mara moja kwa sekunde tano, hakuna ulichokikosa. Anayekuja na pendekezo la mtandao wa milisekunde moja (sehemu ya elfu ya sekunde) kwa kazi kama hiyo anauza vifaa tu.

Sasa tuhamie kwenye mashine ya kujaza maji ya chupa. Tuseme inajaza chupa 12,000 kwa saa. Hapo kila chupa ina milisekunde 300 tu, na mkanda ukienda nusu mita kwa sekunde, chupa moja na nyengine zimepishana sentimita 15. Sensa ya mwanga inaiona chupa, habari inakwenda kwenye PLC, PLC inaamua, amri inarudi kwenye kifaa cha kufunga kizibo. Tuzihesabu hatua hizo kwa hali mbaya kabisa, kwa namba za kawaida:

Sensa na kichujio chake huchukua milisekunde 5. Habari husubiri zamu ya mtandao, 10. PLC hufanya kazi kwa mizunguko: husoma hali zote, hupitia programu, huandika amri, hurudia. Mzunguko ukiwa wa milisekunde 20 na habari ikafika punde tu baada ya PLC kumaliza kusoma, itangoja mzunguko mzima, 20, ndipo ishughulikiwe katika mzunguko unaofuata, 20 nyengine. Amri husubiri tena zamu ya mtandao, 10. Rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, nayo hujifunga kwa milisekunde 10. Jumla ni 75.

Mwenye kutaka kuharakisha atanunua mtandao wa kasi mara kumi, zile 10 mbili ziwe 1 na 1. Jumla itashuka hadi 57. Mwenzake asiyenunua chochote, akaipunguza programu ya PLC mpaka mzunguko ukawa wa milisekunde 8, atafika 51. Programu nyingi za PLC zimejaa hesabu za ripoti na rangi za skrini ambazo hazina sababu ya kurudiwa kila mzunguko. Zikihamishiwa kwenye kazi ya pembeni inayoendeshwa mara moja kwa sekunde, zile 8 si ndoto.

Lakini hesabu hiyo ina jambo jengine lililojificha, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Bahati ikiwa nzuri, habari ikakuta kila mlango wazi, jumla ni kama 35 tu. Kwa hiyo ucheleweshaji wenyewe unayumba kati ya 35 na 75, na chupa inakuwa imesogea sentimita 1.75 safari hii, sentimita 3.75 safari ijayo. Kuchelewa kusikobadilika kunatibika: unaisogeza sensa nyuma kidogo, umemaliza. Kuyumba hakutibiki kwa kusogeza sensa. Ndiyo maana katika mitandao ya mashine, mtandao unaochelewa milisekunde 20 kila mara, bila kukosea, unafaa kuliko ule unaofika kwa 2 mara nyingi na kwa 50 mara moja moja. Mtu anayepima wastani peke yake hatauona ugonjwa huu hata siku moja.

Modbus, na gharama ya kuuliza

Modbus ya waya, inayopita juu ya RS-485 (kiwango cha kupitisha ishara kwa jozi ya nyaya), inakwenda kama ustadhi anayeita majina chuoni. Mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuita, wengine wote hunyamaza mpaka watajwe, na aliyetajwa akiwa hayupo, ustadhi husubiri kidogo, hurudia jina, ndipo aendelee. Njia ni moja na mzungumzaji ni mmoja kwa wakati mmoja.

Tuseme una vifaa 20 kwenye waya mmoja, mita na inveta pamoja, na kila kimoja unataka namba kumi, yaani rejista kumi. Kasi ni biti 9,600 kwa sekunde, ambayo bado ndiyo hukutwa kwenye vifaa vingi. Kila baiti hupita ikiwa na biti 11 ukihesabu za kuanzia, za kuhakikishia na za kumalizia, kwa hiyo baiti moja ni milisekunde 1.15 hivi. Swali la kusoma rejista lina baiti 8. Jawabu la rejista moja lina baiti 7. Kabla ya kila ujumbe kanuni inataka kimya cha muda wa herufi tatu na nusu, kama milisekunde 4, na kifaa chenyewe kinahitaji muda wa kufikiri, tukipe 10. Swali moja na jawabu lake limekula milisekunde 35.

Ukiuliza rejista moja moja, hayo ni maswali 200, sekunde 7 nzima. Skrini inaonesha hali ya sekunde saba zilizopita, na mtu anapiga simu kulalamika kuwa waya mbovu.

Uliza rejista zote kumi kwa swali moja. Swali linabaki baiti 8, jawabu linakuwa 25, na mazungumzo yote ni milisekunde 56. Vifaa 20 vinamalizika kwa sekunde 1.1. Hakuna kilichonunuliwa, na kasi ya waya ni ile ile. Modbus inaruhusu hadi rejista 125 kwa swali moja, na kwa kasi hii kila rejista ya ziada hugharimu milisekunde 2.3 tu ilhali swali jipya hugharimu kama 33 kabla hata ya kubeba chochote. Maana yake, namba mbili unazozitaka zikitenganishwa na rejista kumi na nne usizozihitaji, bado ni nafuu kuzisoma zote kwa mkupuo na kuzitupa za katikati. Tahadhari ni moja: baadhi ya vifaa hukataa kusomwa pale penye rejista isiyokuwepo, na hukataa swali zima. Kijitabu cha kifaa husema, pale kinapopatikana.

Baada ya hapo ndipo kasi ya waya inapokuwa na maana. Pandisha hadi biti 38,400 kwa sekunde, na mzunguko wote unashuka hadi sekunde 0.46. Pandisha tena mara tatu, hadi 115,200, nao unashuka hadi 0.33 tu. Kasi imezidishwa mara tatu, faida haikufika hata theluthi. Ule muda wa kufikiri wa kila kifaa haukuguswa, na sasa ndio unaotawala. Tena kwenye waya mrefu kasi hiyo ya juu huja na makosa. Mimi ningesimama kwenye 38,400.

Kisha kinakufa kifaa kimoja. Mpangilio wa kawaida wa programu nyingi ni kungoja sekunde moja na kujaribu mara tatu. Mzunguko uliokuwa sekunde 0.46 unaruka hadi 3.4 kwa sababu ya mita moja iliyozimwa na fundi aliyekuwa akibadilisha fyuzi. Vifaa vingi hujibu ndani ya milisekunde 50, basi kungoja 150 au 200 kunatosha, na kifaa kisichojibu kiondolewe kwenye zamu ya kila mara, kijaribiwe tena baada ya nusu dakika.

Kuna mwizi mwengine wa wakati anayekaa kwenye kompyuta yenyewe. Vigeuzi vya USB kwenda RS-485 vyenye chipu za FTDI, kwa mpangilio vinaokuja nao, hukusanya data hadi milisekunde 16 kabla ya kuikabidhi kwa kompyuta. Kwa vifaa 20 hiyo ni thuluthi ya sekunde kwa kila mzunguko. Hupunguzwa hadi 1 kwenye mipangilio ya kifaa, kwa dakika mbili. Nani ataiangalia huko, hasa akishaambiwa tatizo ni kebo?

Na lipo kosa la wenye fedha. Wanaweka kigeuzi cha kuipeleka Modbus ya waya kwenye Etheneti, mtandao wa kebo wa kompyuta, kisha programu mbili au tatu zinauliza kupitia kigeuzi hicho: skrini ya kiwandani, programu ya umeme, ripoti ya mkurugenzi. Upande mmoja kuna njia ya megabiti 100, upande wa pili bado ni ule waya wa biti 9,600, na maswali yote yanapanga foleni hapo. Dawa ni kumpa mmoja tu kazi ya kuuliza, wengine wachukue majibu kwake. Au waya ugawanywe: vifaa 20 vikikaa kwenye nyaya mbili zenye milango miwili, muda unakatika nusu.

Chumvi, radi na waya

Mtandao unaoonekana mzito wakati mwengine ni mtandao unaorudia maneno. Kila ujumbe wa Modbus hubeba hesabu ya kujihakiki. Ikikosewa, ujumbe hutupwa na swali huulizwa upya. Mtumiaji haoni kosa, anaona uzito. Katika pwani ya mashariki, msimu wa kusi, upepo huingiza mvuke wa chumvi hadi ndani ya masanduku ya umeme, na viungio vya shaba hufanya kutu ya kijani. Kiungio kama hicho hupitisha asubuhi, jioni kikakataa.

RS-485 inafika mita 1,200 kwa kasi ndogo, lakini kwa masharti. Waya upite kutoka kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja, usitawanywe kama matawi, na kila ncha, mbili tu, iwekwe rezista ya omu 120 ili mawimbi yasirudi nyuma. Nimeona sanduku lenye rezista hiyo kwenye kila kifaa, kwa imani kuwa dawa ikiwa nzuri izidishwe. Ishara inabanwa mpaka inakaribia kutoweka.

Kati ya jengo na jengo ningependekeza faiba, kebo ya kioo inayopitisha mwanga, hata kama umbali ni mita 60. RS-485 huvumilia tofauti ya volti kati ya ardhi mbili kutoka kasoro 7 hadi 12 tu, na radi moja ya masika ikipiga jirani huipita mipaka hiyo kwa mbali. Faiba haipitishi umeme. Milango ya mawasiliano ikishaungua kidogo, ikawa hai lakini inakosea, utaukimbiza uzito huo mwaka mzima.

Etheneti na kamera za ulinzi

Viwanda vipya, kama vinavyojengwa Fumba, huanza moja kwa moja na Etheneti. Etheneti ilibuniwa Xerox mwaka 1973, na enzi zake za mwanzo vifaa viligombania waya mmoja, vikigongana na kurudia, ndiyo maana wahandisi wa viwanda hawakuiamini. Swichi za mtandao, yaani visanduku vinavyopokea data na kuipeleka kwa mwenyewe, ziliumaliza ugomvi huo: kila kifaa kina njia yake ya kwenda na ya kurudi. Kilichobaki ni foleni ndani ya swichi.

Pakiti, yaani kifungu kimoja cha data, ikiwa fupi kabisa kwenye megabiti 100 inahitaji mikrosekunde 6.7 kupita (mikrosekunde ni sehemu ya elfu ya milisekunde). Ile ndefu kabisa inahitaji 123. Amri ya kusimamisha mota ikikuta mbele yake pakiti moja ndefu ya video, inangoja hizo 123, si neno. Ikikuta hamsini, inangoja milisekunde 6. Sasa chukua kamera 30 za ulinzi, kila moja ikimwaga megabiti 4 kwa sekunde, zote zimechomekwa kwenye swichi za uzalishaji kwa kuwa nafasi zilikuwepo. Hiyo ni megabiti 120 zinazolazimishwa kwenye kiungo cha 100. Hapo foleni haiishi, na swichi huanza kutupa pakiti, zikiwemo za mashine.

Hapa kiungo kipana kinasaidia. Ila kwanza zitenganishwe: kamera na simu za ofisini kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile), mashine kwenye yao, na kwenye kiungo wanachoshirikiana pakiti za mashine zipewe kipaumbele. Kazi hiyo inahitaji swichi inayopangika, si ile ya bei nafuu ya dukani Darajani. Swichi hiyo hiyo huzuia pia balaa la mtu kuchomeka ncha mbili za kebo kwenye swichi moja, ambapo ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huzunguka bila kikomo na kiwanda kizima hunyamaza.

Anayeandika programu ajue jambo moja zaidi. Mwaka 1984 John Nagle alipendekeza vijiujumbe vya TCP, kanuni ya kusafirishia data kwenye intaneti, visubiriwe na kukusanywa kabla ya kutumwa, ili njia isijae vipande vidogo. Kwa intaneti ilikuwa busara. Kwa Modbus juu ya TCP, ikikutana na mtindo wa kompyuta wa kuchelewesha kukiri kupokea, kila swali laweza kulala hadi milisekunde 200. Huzimwa kwa mstari mmoja wa programu, kwa jina TCP_NODELAY. Ukiona ucheleweshaji unaorudi kwenye 40 au 200 kila mara, anzia hapo. Wireshark, programu ya kutazama pakiti zinazopita, iliyounganishwa kwenye mlango wa swichi unaonakili trafiki, itakuonesha kwa robo saa.

Mota nyingi zinapotakiwa kwenda kama mkono mmoja, kwa mfano mashine za kufungasha, Etheneti ya kawaida haitoshi. EtherCAT, Etheneti ya mashine ya kampuni ya Beckhoff ya Ujerumani, iliyotoka 2003, hutuma fremu (pakiti) moja inayopita ndani ya kila kifaa. Kifaa husoma chake na kuandika chake huku fremu ikiendelea na safari. Wenyewe wanasema ishara 1,000 za kuwasha na kuzima zinamalizika kwa mikrosekunde 30. Profinet, Etheneti nyengine ya viwandani, ina aina inayotenga muda maalumu kwa ajili ya pakiti za mashine, na viwango vya TSN (mtandao unaozingatia muda) vya IEEE, jumuiya ya wahandisi wa umeme, vinaipeleka fikra hiyo kwenye Etheneti ya watu wote. Ni kazi nzuri sana, ila viwanda vyetu vinavyoihitaji kweli ni vichache, na kwa kawaida huinunua ikiwa imeshafungwa ndani ya mashine.

Visima vilivyo mbali

Umbali peke yake ni adui mdogo. Mwanga ndani ya faiba huchukua mikrosekunde 5 kwa kilomita, na Unguja kutoka Nungwi hadi Makunduchi ni kama kilomita 85. Kisiwa chote, ncha hadi ncha, hakifiki nusu milisekunde. Tabu ni pale kisima kinaposimama shambani na hakuna faiba. Mtandao wa simu hujibu kwa makumi ya milisekunde ukiwa na raha, na kwa sekunde kadhaa watu wakiwa wengi. Setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta haiwezi kuleta jawabu kabla ya kama nusu sekunde, kwa vile mwanga wenyewe hauna haraka zaidi ya hiyo.

Kwenye njia kama hiyo mtindo wa kuita majina ni ufujaji. Kisima kinaulizwa mchana kutwa, na kina cha maji ni kile kile. MQTT, itifaki nyengine, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, na msingi wake ni kwamba kifaa ndicho kinachosema, kinapokuwa na jipya. Kina kikibadilika sentimita tano, kitume. Kisipobadilika, kitoe ishara ya uhai kila baada ya dakika chache. Data hupungua sana, na habari ya dharura haingoji zamu.

Uamuzi wa kuwasha na kuzima pampu, hata hivyo, usipitishwe huko. Swichi ya boya ndani ya kisima, kikomo cha kina na kinga ya mota vikae kwenye kidhibiti kilicho pale pale kisimani, ambapo waya ni wa mita mbili. Mtandao wa simu ukikatika usiku mzima, pampu itaendelea kujilinda, na vipimo vya usiku huo vitawekwa kwenye kumbukumbu ya kidhibiti na kutumwa asubuhi, kila kimoja na saa yake.